Nusu Saa ya Karakana

Nianze na hesabu, maana ni hesabu iliyotutoa madarasani. Chuoni kwetu, chuo cha ufundi katika mji wa kisiwani wa Labasa, saa moja ya kufundisha darasani ilihesabiwa saa moja. Saa moja ya kufundisha karakana ilihesabiwa nusu saa. Mkurugenzi wetu, Dakta Josefa Raikuna, alisema karakana wanaofanya kazi ni wanafunzi, mwalimu anaangalia tu. Anaangalia tu! Nimefundisha useremala miaka kumi na minne na sijaona bado msumeno unaokata nusu.

Kisha ofisi ikazidi kupata akili. Nusu na nusu si moja? Basi wakanipanga karakana mbili kwa wakati mmoja, ya misumeno upande huu wa uwanja na ya vanishi upande ule, nikimbie huku na huku, na kwenye ratiba ikaandikwa saa moja. Wenzangu wa uchomeleaji na wa mabomba walifanyiwa vivyo hivyo. Tuliandika barua tatu. Tukajibiwa moja, nayo ilitushukuru kwa uvumilivu wetu.

Tarehe tisa Julai msumeno wa meza ulimkata Unaisi vidole viwili vya mkono wa kulia. Unaisi ana miaka kumi na tisa, anatoka kijiji cha Vunidilo, na katika darasa lile hakukuwa na mkono mwepesi kama wake. Mimi nilikuwa upande wa pili wa uwanja. Nilipofika, wenzake walikuwa wamemlaza sakafuni juu ya maranda na mmoja wao amemfunga mkono kwa shati lake.

Wiki iliyofuata nikapata barua. Mhadhiri Salaseini Bolatagici, yaani mimi, aliacha kituo chake cha kazi. Afike mbele ya kamati ya nidhamu Ijumaa, tarehe nane Agosti. Kwa barua ya namna ile hakuna anayerudi na kazi yake. Nina watoto watatu, baba yao alishafariki, na tunaishi kwa kazi hiyo moja.

Mwanasheria wa chama chetu cha wahadhiri alinipigia simu kutoka mji mkuu, Suva, akanionya nisikanyage nyumbani kwa kina Unaisi. Nikienda kuomba radhi, alisema, nimekiri. Nikatii. Tangu hapo nikawa naona haya hata kupita sokoni, kwa kuwa mama yake anauza majimbi pale karibu na kituo cha mabasi.

Jumatatu tarehe nne tukagoma. Wahadhiri thelathini na wanne, turubai moja, mikeka, kwenye kiwanja cha kanisa kinachotazamana na lango la chuo. Tulidai mambo matatu: saa ya karakana iwe saa kamili, mtu asipangwe vyumba viwili kwa wakati mmoja, na barua yangu ifutwe. Wakaguzi wa serikali walikuwa waje Ijumaa. Wakikuta chuo hakina walimu, chuo kinanyang'anywa kibali. Kwa hiyo Dakta Raikuna alitaka turudi kabla ya Ijumaa bila yeye kutia saini, nasi tulitaka atie saini kabla hatujachoka. Alikuwa na siku nne, na sisi siku hizo hizo.

Jumatano asubuhi malori ya miwa yalikuwa yanapita kuelekea kiwandani, mengine yakitupigia honi, sijui kwa kutuunga mkono au kwa kutuona wavivu. Rohitesh Lal, mwalimu wa hesabu na makamu wangu kwenye kamati ya mgomo, alifika na roti, zile chapati za kwao, alizofunga mkewe, akaanza kugawa.

"Dada Sala, kula. Kiongozi wa mgomo akizimia watasema ni mgomo wa kula."

"Umeweka pilipili ngapi humu?"

"Nusu. Ni roti ya karakana."

Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, na ilikuwa mara yangu ya mwisho kucheka siku ile, kwa kuwa nilimwona Isireli anavuka barabara mbio mbio. Isireli Nagera anafundisha uchomeleaji, mwanamume wa miraba minne, na si mtu wa kukimbia.

"Dada," alisema, akiinama hadi kwenye sikio langu. "Mzee wako yuko ofisini kwa mkurugenzi."

"Mzee gani?"

"Baba yako mkubwa. Mzee Sakeasi. Gari la chuo limemleta. Amebeba mkoba wa ukindu na ameukumbatia hivi." Akaonyesha kwa mikono miwili kifuani.

Roti ikanishinda. Nilijua kilichokuwa ndani ya mkoba ule kabla Isireli hajamaliza. Ni jino la nyangumi. Kwetu jino likiletwa kwa heshima, likanyooshwa mbele ya watu na likapokelewa, ombi lililokuja nalo limekubaliwa. Hakuna cha kusema tutafikiria. Mkurugenzi alikuwa ametuma hadi kijijini kwetu, akamtoa mtu aliyenilea baada ya baba yangu kufa, ili aje aniombe nirudi kazini. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo wasemavyo, na mimi nilikuwa nimeliwa nikiwa nimekaa.

"Si tukatae tu?" Rohitesh aliuliza.

"Nani akatae?" Isireli akamgeukia. "Wewe?"

"Mimi Mhindi, ndugu yangu. Kwangu mimi hilo ni jino."

"Basi lipokee wewe ukalitie kwenye mchuzi."

"Nauliza kwa heshima, bwana. Kama halijapokelewa, inakuwaje?"

"Mzee anarudi nalo kijijini," Isireli alisema. "Na huyu dada yako hatakanyaga kijijini tena. Hata akifa, watabishana mahali pa kumzika."

Nilimshika mkono. Ukoo wa Isireli ndio ukoo wa wasemaji; baba yake na babu yake wamepokea meno ya nyangumi kwa niaba ya machifu maisha yao yote. Pale chini ya turubai hakuna mwingine ambaye angepokea. "Isi, usiliguse."

"Dada, usiniambie hivyo."

"Nakuambia. Ukiligusa, Jumatatu niko upande ule wa uwanja tena. Mimi au mwingine."

"Mzee akikaa chini na jino mikononi, mikono yangu mimi siwezi kuisemea," alisema, na niliona kweli anaogopa.

Hawakutupa muda wa kupanga lolote. Lango likafunguliwa, wakavuka. Mbele alitembea Baba Mkubwa, miaka sabini na minne, amejifunga kiunoni sulu, ile shuka yake nyeusi ya kwendea kanisani. Nyuma yake Dakta Raikuna, kichwa kimeinama kama bwana harusi aliyelazimishwa, na maafisa wake wawili. Wakavua viatu, wakaketi mkekani. Sisi sote tukaketi. Wapita njia wakaanza kusimama kwenye ua wa kanisa. Kwa desturi mwenye shida hukaa nyuma kimya na wa kumsemea hukaa mbele, kwa hiyo Dakta alikaa nyuma, macho chini, na sikuweza hata kumtazama usoni nimchukie vizuri.

Baba Mkubwa akafungua mkoba. Jino lilikuwa kubwa, la rangi ya asali, kamba yake imesukwa kwa nyuzi za nazi. Wanaume wakatoa ile sauti ya chini ya kushtuka ambayo hutoka yenyewe.

"Ninyi walimu," alianza, kwa sauti ya kijijini iliyopanda na kushuka polepole. "Ninyi mnaoheshimiwa na watoto wetu. Mimi ni mtu mdogo niliyetumwa. Aliyenituma ameketi nyuma yangu, ameinama. Kuna maneno yamepita kati yenu juu ya saa za kazi. Maneno ni kama moshi, yanaingia hata kwenye nyumba ya jirani. Nalileta jino hili, tuyafukie maneno hayo, mrudi kwa watoto. Ni hilo tu. Nisamehewe kama nimekosea njia."

Akanyoosha mikono, jino juu ya viganja.

Isireli akasogea. Nilimwona anajikokota kwa magoti, hatua moja, ya pili, mikono imeanza kufunguka.

"Isireli," nilisema.

Akaganda hapo hapo alipokuwa. Hakurudi nyuma wala hakwenda mbele. Lori la miwa likapita, likapiga honi. Mikono ya mzee ilikuwa bado imenyooka. Jino la ukubwa ule si jepesi, na mtu hapaswi kulishikilia zaidi ya pumzi mbili tatu. Nilianza kuona kamba inatikisika. Mwanamke mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Jamani, mpokeeni mzee." Nilimwonea huruma Baba Mkubwa, na wakati huo huo moyoni nilimwona Unaisi yuko chini juu ya maranda. Nilijua nikinyamaza kidogo tu, mikono ya Isireli itakwenda yenyewe.

Mwanamke hasemi katika jambo kama lile, na mtoto hamkatizi baba yake mkubwa. Nikasogea mbele kwa magoti.

"Baba Mkubwa, nisamehe. Jino hilo limeruka nyumba."

Watu walivuta pumzi. Mzee alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Nyumba gani?"

"Nyumba ya Waisake, Vunidilo. Ndiko lilikopaswa kuanzia. Binti yake amekatwa vidole viwili na mashine ya chuo, mwezi unakwisha sasa. Hakuna aliyekwenda kuinamisha kichwa pale. Halafu leo linaletwa kwetu, kwa ajili ya wakaguzi wa Ijumaa."

"Mimi nimeambiwa mnagombania saa."

"Ni saa, Baba. Ni saa hiyo hiyo iliyomkata."

Mzee akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mbebaji wa jino akilifanya: alilirudisha mapajani mwake. Hakukataliwa na mtu, alilirudisha mwenyewe. Akageuza shingo.

"Josefa. Una mtoto ameumizwa kwako na hujaenda?"

Dakta Raikuna aliinua kichwa. "Mwanasheria wa chuo alishauri, Mzee, kwamba tukienda itaonekana..."

"Sikumuuliza mwanasheria." Kabla sijapata raha ya kumwona Dakta anaumbuka, mzee alikuwa amenigeukia mimi. "Na wewe? Wewe ndiye mwalimu wake. Umekwenda?"

Chini ya turubai kulikuwa na watu thelathini na watatu walioacha kazi kwa ajili yangu, na wote walikuwa wananitazama.

"Sijaenda," nilisema. "Mwanasheria wa chama alishauri."

"Haya." Alikuwa na hasira. "Nimeamshwa alfajiri, mgongo unaniuma, nikapakiwa kwenye gari kama gunia la nazi, nije nibebe aibu ya watu wawili walioficha vichwa kwa wanasheria. Mnanifanya mimi mjinga? Siondoki na jino hili bila kulifikisha. Linakwenda Vunidilo, leo. Anayejua ni lake, anifuate."

Akaanza kuinuka, Isireli akamsaidia. Ndipo Dakta Raikuna aliponisogelea, akasema kwa sauti ya chini ambayo mimi na Rohitesh tu tuliisikia. "Salaseini, fikiri. Ukienda kukaa nyuma ya jino lile, Ijumaa kamati itasema umekiri. Sitaweza kukusaidia."

"Na wewe ukienda, Dakta?"

Dakta alitazama watu waliojaa uani, akatazama maafisa wake wawili, nao wakatazama mkeka. Angekataa mbele ya macho yale, asingeweza kuketi na mtu yeyote mkekani Labasa yote.

"Dada, usiende," Rohitesh alisema. "Wewe ukikiri, dai la tatu limekufa. Watakutoa kazini mchana kweupe."

"Najua."

"Watoto je?"

Niliogopa, sitaficha. Nilifikiri karo, nilifikiri nyumba ya chuo tunayoishi. Lakini nilikuwa nimesema mbele ya watu kwamba jino limeruka nyumba, na nyumba hiyo mimi nimeiruka mwezi mzima. Nikavaa viatu, nikapanda gari.

Vunidilo ni mwendo wa saa moja kwa barabara ya vumbi. Tulikuwa sita garini: Baba Mkubwa na dereva mbele, na nyuma mimi, Dakta, Isireli, na Rohitesh ambaye alisema atakuja hata kama ni kushika mlango tu. Maafisa wawili walifuata na gari jingine. Katika kona moja bega langu liligusana na la Dakta, wote wawili tukaomba radhi kwa pamoja.

Waisake alikuwa ametoka kukata miwa, masizi bado mikononi. Alipoona mkoba wa ukindu hakuuliza kitu. Alitandika mkeka mwingine juu ya ule uliokuwapo, akaketi. Mkewe akaketi karibu na mlango wa jikoni, na Unaisi nyuma yake, mkono wa kulia umefungwa kitambaa cheupe na ameuweka mapajani. Nilimsalimu kwa macho. Akaitikia kwa macho, akayashusha.

Baba Mkubwa alisema maneno machache tu safari hii, kwa niaba yetu wawili, akanyoosha jino. Waisake hakulipokea.

"Kabla sijaligusa," alisema, "nataka kuuliza. Mimi ni mkata miwa, sijui mambo ya chuo. Mwalimu, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa karakana ya pili, ng'ambo ya uwanja."

"Ulikwenda kufanya nini?"

"Kufundisha kundi jingine. Ratiba iliniweka kote kuwili."

"Basi hukukosa."

Ningeweza kunyamaza hapo. Mwanasheria angenipigia makofi. Isireli alikuwa ameshaanza kushusha pumzi.

"Nilikosa," nilisema. "Ule msumeno una swichi nyekundu, iko mlangoni. Kila nilipotoka nilipaswa kuuzima. Siku ile sikuuzima. Nikiuzima, watoto wanakaa bure mpaka nirudi, na tulikuwa tumeshabaki nyuma majuma mawili. Nikauacha unawaka. Hilo halikuwa la ratiba, lilikuwa langu."

Sikuwa nimemwambia mtu jambo lile. Si mwanasheria, si Isireli, si wale waliolala kwenye turubai kwa ajili yangu. Rohitesh alifumba macho. Mama yake Unaisi alianza kulia kimya kimya, akijifuta kwa upindo wa nguo, na mimi sikuwa na haki ya kulia pale, nikajikaza.

Waisake akamtazama Dakta, aliyeketi kando yangu. "Na ratiba hiyo," aliuliza, "aliyeiandika nani?"

Kwa desturi Dakta hakutakiwa kujibu. Wa kujibu alikuwa Baba Mkubwa. Mzee akafungua mdomo, akaufunga, akatazama jino mikononi mwake. Nje kuku alikuwa anaparura majani. Maafisa wawili walikuwa wamesimama barazani, na walisikia swali vizuri. Niliona jasho linashuka shingoni mwa Dakta hadi kwenye kola.

"Mimi," alisema.

"Ulijua ni vyumba viwili?"

"Nilijua. Waliniandikia mara tatu."

Waisake akajifuta masizi kwenye sulu, akalipokea jino kwa mikono miwili, akapiga makofi ya kukubali. Kisha akalilaza mkekani mbele ya binti yake, ambapo halikuwa na kazi ya kuwepo kwa desturi yoyote ninayoijua. Unaisi aliligusa kwa mkono wa kushoto.

Alhamisi asubuhi Dakta Raikuna alivuka barabara peke yake, na karatasi. Maneno aliyosema Vunidilo yalikuwa yameshafika sokoni, kiwandani na kanisani, na hakuna mwanasheria ambaye angeyarudisha. Saa ya karakana ni saa kamili. Mtu mmoja, chumba kimoja. Barua ya Mhadhiri Bolatagici imefutwa. Chini, saini yake ilikuwa tayari, wino haujakauka vizuri.

Watu walishangilia hadi turubai likatikisika. Isireli alininyanyua juu kama mtoto. Niliposhushwa nilimwomba Rohitesh kalamu.

"Saini hapa, Dada, na hapa."

Nikaweka karatasi gotini, nikachora mstari juu ya dai la tatu.

"Unafanya nini?" Rohitesh alishika mkono wangu. "Dada, amekubali! Ameshakubali!"

"Amekubali, ndiyo. Yule binti bado hana vidole vyake viwili."

"Kesho watakufukuza."

"Kesho nitawaambia nilichosema jana. Wakiniacha, wameniacha."

Hawakuniacha. Ijumaa kamati ilinisikiliza dakika ishirini, wakaniandikia barua nyingine, fupi zaidi, ya kunifukuza kazi. Wenzangu walitaka kugoma upya siku ile ile, wakaguzi wakiwa bado ndani. Nikawakataza, tena kwa ukali, mpaka Isireli akanikasirikia na hadi leo hajapatana nami sawasawa. Jumatatu walirudi kazini. Karakana ya misumeno walimpa Isireli aishike kwa muda, ingawa yeye ni wa uchomeleaji. Mimi nilikuwa nyumbani napakia vyombo, nikaangalia saa ilipofika mbili asubuhi, kipindi cha karakana kikianza, nikaangalia tena ilipofika tatu. Ilikuwa saa nzima.